Kisima cha Bahari na Upepo wa Pwani

Chama Kikuu chetu cha Ushirika kinatimiza miaka kumi, na katika kitabu hiki cha ukumbusho mtasoma habari za maghala, za mikopo, na za bei ya korosho, pamba na ufuta. Makala hii yahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali na jembe, nalo ni hili: pwani yetu ya Lamu itapata wapi nguvu na utajiri wake wa kesho? Je, ni katika mafuta na gesi vinavyotafutwa chini ya bahari, au ni katika upepo na jua ambavyo kila mtu aviona bila kuvitafuta?

Mkulima aweza kuuliza: mafuta yakipatikana au yasipopatikana, shamba langu ladhurika nini? Jibu lake ni fupi. Mboga, maziwa, nazi na maembe hutoka mashambani bara, hufika gati ya Mokowe, hupakiwa mashuani na kuvushwa kisiwani. Na huko, sehemu kubwa ya fedha inayoyanunua ni fedha ya mgeni aliyekuja kutazama mji wa kale, kulala katika nyumba ya mawe na kuoga katika bahari safi. Bahari ikichafuka, mgeni haji. Mgeni asipokuja, mwenye hoteli hanunui. Naye mwenye hoteli asiponunua, kapu la mkulima hurudi nyumbani likiwa limejaa. Kwa hiyo mizani ya kupimia mafuta na upepo ni mizani yetu pia, na yafaa tujue historia yake kabla hatujaulizwa shauri letu.

MALI YA KALE NA FUNZO LAKE

Tukianza na historia, tutaona kwamba watu wa pwani hii waliishi kwa nguvu ya upepo kwa karne nyingi kabla neno umeme halijajulikana. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba tangu mwezi wa Desemba hata Machi, na kusi ikayarudisha kuanzia Aprili na kuendelea. Mji wa Lamu ulijengwa juu ya hesabu hiyo ya pepo mbili. Shehena kubwa mojawapo ya majahazi yale ilikuwa boriti za mikoko, kwa maana visiwa vya Lamu vina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na nyumba nyingi za Uarabuni zilizokosa miti ziliezekwa kwa boriti zetu.

Biashara hiyo ilikwisha kwa amri. Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi, ili misitu isimalizike. Sababu ya amri ilikuwa njema, lakini mkata mikoko alipoteza soko lake la nje bila ya kuwa na soko jingine mkononi. Funzo la kwanza ndilo hilo: pwani inayotegemea kitu kimoja hupinduka kitu hicho kinapoondoka.

Baada ya boriti, mji ukazidi kuegemea utalii. Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na sifa yake ikaenea zaidi. Lakini utalii nao ni mali yenye ngozi nyembamba. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara katika visiwa vyetu, na nchi za kigeni zikawaonya raia wake wasije. Mwezi wa Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Amri ya kutotoka nje usiku ikafuata, na vyumba vya hoteli vikabaki vitupu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vya ndege duniani kote. Mara zote tatu hapakuwa na tone la mafuta baharini, na bado mgeni alikatika. Basi tusiseme kwamba utalii ni ngome imara ambayo mafuta peke yake ndiyo yawezayo kuivunja. Tuseme, kwa haki, kwamba ni mali tuliyo nayo, ni dhaifu, na hapana budi kulindwa na kuongezewa mwenzake.

VISIMA VYA MIAKA SITINI

Watu wengi hudhani kwamba habari ya mafuta ya Lamu ni ya jana. Sivyo. Kampuni za BP na Shell zilianza kuchunguza ardhi ya Kenya mwaka 1954, na mwaka 1960 kisima cha kwanza cha uchunguzi, kilichoitwa Walu, kilichimbwa katika bonde la miamba ambalo wataalamu huliita Bonde la Lamu. Baada yake vilifuata vingine vilivyopewa majina ya mahali tunapopajua: Dodori, Pate, Kipini. Havikutoa mafuta ya kuuzwa.

Kisha wachimbaji wakaingia baharini. Visima vilichimbwa nje ya pwani katika miaka ya 1970 na ya 1980, navyo vikaachwa. Palipita zaidi ya miaka ishirini ya kimya. Mnamo mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007 kampuni ya Woodside ya Australia ilichimba kisima cha Pomboo katika maji ya kina kirefu mbele ya Lamu, ikakuta kikavu. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa kilikuta gesi, lakini haikutosha kulipa gharama ya kuitoa. Mwaka 2014 kisima kiitwacho Sunbird kilikuta mafuta na gesi, navyo vikahesabiwa kuwa havitoshi kwa biashara. Hatimaye kampuni ya Eni ya Italia ilianza kisima cha Mlima mwishoni mwa 2021; mwaka 2022 ikajulikana kwamba nacho ni kikavu.

Hesabuni, ndugu zangu. Tangu 1960 hata 2022 ni miaka 62. Mtoto aliyezaliwa Walu ikichimbwa amekwisha kuwa babu, na pwani ya Kenya haijauza pipa moja la mafuta yaliyotoka chini ya bahari yake. Sisemi kwamba hayatapatikana kamwe. Ujuzi wa kuchungulia miamba huongezeka, na Turkana, mbali na bahari, mafuta yaligunduliwa mwaka 2012. Nasema tu kwamba kijiji kisipange ada ya shule ya watoto wake kwa kutegemea kisima ambacho hakijaonekana.

Kwa upande wa pili, si haki kuwacheka wanaotumaini. Jirani zetu wa Tanzania waligundua gesi katika kisiwa cha Songo Songo, pwani ya Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 gesi hiyo imekuwa ikipita katika bomba mpaka Dar es Salaam, ambako imewasha taa na kuendesha viwanda. Hilo ni jambo kubwa. Lakini yafaa kuona mambo mawili ndani yake. La kwanza, tangu kugunduliwa hata kutumika ilipita miaka thelathini. La pili, gesi nyingine ilipopatikana kusini, na bomba lake likapangwa kwenda Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliuliza wao watabaki na nini. Mwaka 2013 swali hilo liligeuka ghasia, na watu wakapoteza maisha. Gesi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba watu waliona bomba likichorwa kabla hawajaona fungu lao.

HATARI ILIYO BAHARINI

Sasa tutazame hatari yenyewe bila kuikuza na bila kuificha. Visima vingi duniani huchimbwa na kufungwa bila ya msiba, na hata visima vya bahari yetu nilivyovitaja havikuleta balaa. Tena gesi ikivuja haipaki ufuko kama mafuta mazito yapakavyo. Walakini hatari ya mafuta ya bahari haipimwi kwa wingi wa siku za heri; hupimwa kwa ukubwa wa siku moja ya shari.

Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico huko Marekani, mtambo wa kuchimbia ulioitwa Deepwater Horizon ulilipuka, na watu 11 wakafa. Kisima kilikuwa chini ya maji ya kina cha mita 1,500 hivi, na mafuta yalimwagika kwa siku 87 kabla ya kuzibwa. Zaidi ya theluthi moja ya maji ya Ghuba yaliyo chini ya serikali kuu yalifungwa kwa wavuvi. Na jambo la kuzingatiwa na pwani ya utalii ni hili: hata mahali ambapo mafuta hayakufika, wageni waliahirisha safari zao, kwa kuwa mgeni hutazama habari wala hatazami ramani. Hiyo ni nchi tajiri, yenye meli nyingi, wataalamu wengi, na mahakama zenye uwezo wa kuitoza kampuni mabilioni.

Jiulizeni jinsi ingalivyokuwa kwetu. Mkondo mkuu wa bahari ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima kufuata pwani mpaka karibu na Malindi. Wakati wa kusi huendelea kupita mbele ya Lamu, na wakati wa kaskazi hukutana na mkondo utokao Somalia. Kwa hiyo mafuta yaliyomwagika hayakai yalipomwagika. Yangeweza kusukumwa mpaka kwenye mikoko, ambamo samaki na kamba huzalia, na mpaka kwenye miamba ya Kiunga, ambayo imehifadhiwa tangu mwaka 1979. Ufuko wa mchanga waweza kusafishwa kwa majembe na ndoo. Mizizi ya mikoko haisafishiki hivyo. Mafuta yakiingia katika tope lake hukaa kwa miaka mingi.

MAKAA NA BANDARI

Kuna historia nyingine iliyo karibu nasi zaidi, ambayo haihusu mafuta lakini inahusu namna ya kuamua.

Tarehe 2 Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia walizindua ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, na gati ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa Mei 2021. Bandari ni jambo jema kwa mkulima mwenye mazao ya kusafirisha. Lakini kuchimbwa kwa sakafu ya bahari kuliharibu mahali pa kuvulia, na wavuvi wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliona kwamba haki zao zilivunjwa, pamoja na haki ya kupewa habari na haki ya kuishi katika mazingira safi, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Angalieni mpangilio wake: mradi ulizinduliwa 2012, na hukumu ya fidia ikatoka 2018. Mvuvi alingoja miaka sita akiwa na wavu mkavu.

Wakati huohuo palikuwa na shauri la kujenga huko Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Kibali cha mazingira kilitolewa mwaka 2016. Wananchi waliojiunga chini ya jina la Save Lamu walikipinga, na mwezi wa Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilikifuta kibali kile. Sababu kuu haikuwa kwamba makaa ni meusi. Sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: hawakupewa habari kamili, wala maoni yao hayakuchukuliwa kwa namna ambayo sheria inataka.

Ndugu wanachama, hilo ndilo jambo ambalo historia hii yote inatufundisha. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, nayo inaiagiza Serikali kuwashirikisha wananchi katika kuyalinda. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa kabla ya bandari na kabla ya makaa. Hayakufanya kazi mpaka watu walipokusanyika na kuyashika. Sheria ni jembe zuri, lakini jembe halilimi lenyewe.

UPEPO NAO UNA KESI YAKE

Je, tukiukataa mtambo wa makaa na kukiogopa kisima cha bahari, ndiyo kusema kwamba upepo na jua havina lawama? Wapo wanaosema hivyo, nao wanasema upesi mno.

Huko Kinangop, katika nyanda za viazi na mboga, ulipangwa mradi wa upepo wa megawati 60. Wakulima walibishana na wenye mradi juu ya ardhi, juu ya fidia, na juu ya madhara waliyoyahofia. Damu ikamwagika katika maandamano, na mwaka 2016 mradi ukaachwa. Karibu na Ziwa Turkana palijengwa mitambo 365 yenye nguvu ya megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini waya wa kuupeleka umeme ulikuwa haujakamilika, ikawa nchi inadaiwa malipo ya umeme ambao hapakuwa na mtu aliyeutumia. Umeme ulianza kuingia katika gridi ya taifa mwaka 2018. Na mwaka 2021 mahakama iliyokaa Meru iliona kwamba hati za ardhi kubwa ya mradi hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa ya jamii. Hapa Lamu kwetu, mradi wa upepo uliopangwa kule Baharini, wa megawati 90, ulipitisha miaka katika mabishano ya ardhi na fidia.

Mnaona kwamba upepo hauchafui bahari, lakini waweza kuchafua ujirani. Kisima huchukua maji ya mvuvi. Mtambo wa upepo na shamba la jua huchukua nchi kavu, yaani shamba la mkulima na malisho ya mfugaji. Tena upepo una majira yake. Mabaharia wetu waliujua wakati wa maleleji, baina ya kusi na kaskazi, ambapo tanga hulegea. Mtambo nao hulegea wakati huo. Na mtu asidanganywe kwamba mitambo ya upepo itaajiri vijana wote wa kata: kazi ni nyingi wakati wa kujenga, kisha hubaki mafundi na walinzi wachache.

Lakini lawama hizi hazifanani na zile za kisima. Mtambo wa upepo ukivunjika, huanguka mahali ulipo. Mapatano mabaya ya ardhi yaweza kurekebishwa mahakamani au mezani. Upungufu wa upepo waweza kuzibwa na jua, na Garissa jirani yetu imepata mtambo wa jua wa megawati 50 tangu 2019. Vyote viwili vyaweza kusaidiwa na jotoardhi ya Olkaria, ambayo imetoa umeme tangu 1981 bila kungoja mvua wala upepo. Mafuta yakiingia mikokoni, hapana hukumu ya jaji iwezayo kuyatoa.

WAKULIMA WA DENMARK

Kwa kuwa kitabu hiki ni cha ushirika, yafaa nieleze jinsi wanaushirika wa nchi nyingine walivyolikabili jambo hili. Denmark ni nchi ndogo ya pwani, yenye upepo mwingi na wakulima waliozoea ushirika tangu karne ya kumi na tisa, hasa ushirika wa maziwa. Nchi hiyohiyo imechimba mafuta ya Bahari ya Kaskazini tangu 1972, na mwaka 2020 ikaamua kutotoa vibali vipya na kukomesha uchimbaji ifikapo 2050. Basi ni watu walioonja vyote viwili.

Katika kisiwa cha Samsø, kinachoishi kwa kilimo cha viazi na mboga na kwa wageni wa majira ya joto, ilisimamishwa mitambo 11 ya upepo nchi kavu mwaka 2000. Sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa mali ya wakulima wa kisiwa, na mingine ya wanahisa waliochanga. Mwaka huohuo, baharini mbele ya jiji la Copenhagen, ilijengwa mitambo 20 ya Middelgrunden yenye jumla ya megawati 40. Kumi kati yake ilinunuliwa na chama cha ushirika chenye hisa 40,500 na wanachama zaidi ya 8,000. Shauri la kwanza lilikuwa kujenga mitambo 27 katika safu tatu. Wananchi walipoulizwa, wakasema itaharibu sura ya bahari. Mpango ukabadilishwa, mitambo ikapunguzwa na kupangwa katika mstari mmoja uliopinda.

Mtu atasema: Wadenmark ni matajiri, sisi je? Ni kweli kwamba mtambo mmoja mkubwa unapita akiba ya chama chochote cha wilaya. Lakini nguvu yao haikutoka katika utajiri peke yake. Ilitoka katika mambo ambayo sisi pia tumeyajua kwa miaka hii kumi: daftari la wanachama lililo sahihi, hisa iliyoandikwa kwa jina, mkutano mkuu unaokaa kwa wakati wake, na hesabu zinazosomwa mbele ya watu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

TUPIME

Sasa tuweke vitu viwili hivi katika mizani moja.

Tukipima fungu la mwananchi, sheria ya mafuta ya mwaka 2019 inasema kwamba katika sehemu ya faida inayokuwa ya Serikali, asilimia 20 itakwenda kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali. Hilo ni jambo la kheri, lakini ni fungu la kitu ambacho pwani hii haijakipata. Katika upepo na jua, fungu la mwananchi hutegemea mapatano: kodi ya ardhi, hisa, na bei. Mapatano mazuri hupatikana kwa wanaozungumza kwa sauti moja. Mkulima mmoja akikabiliwa na kampuni ataweka kidole gumba kwenye karatasi asiyoisoma. Wakulima elfu tatu wenye mwanasheria wao wataisoma kwanza.

Tukipima muda, kisima huchukua miaka mingi tangu kutafutwa hata kuuza, na siku moja hukauka. Upepo huonekana leo, nao hautakauka.

Tukipima hatari, kisima chaweza kuangusha uvuvi, utalii na soko letu kwa pamoja katika mwezi mmoja. Upepo waweza kumdhulumu mwenye shamba, na dhuluma hiyo ni ya kukatazwa, lakini haiwezi kufunga bahari.

Kwa hiyo katika pwani hii, inayoishi kwa bahari safi na kwa mgeni, upepo na jua vina uzito zaidi kuliko kisima cha bahari. Wazee wa hapa walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni bahari na mashamba; msala upitao ni meli ya kuchimbia, ambayo imepita hapa mara nyingi tangu tulipoanza kuihesabu. Walakini uzito huo wa upepo una sharti. Ukiletwa kama ulivyoletwa Kinangop, utaachwa kama ulivyoachwa Kinangop.

Nawaomba basi wanachama na maafisa wa Chama Kikuu wayatazame mambo manne katika miaka kumi ijayo.

La kwanza, kila mwanachama ajitahidi kupata hati ya shamba lake, na ardhi ya pamoja iandikishwe chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Mtu asiye na hati huitwa mvamizi siku mradi unapofika.

La pili, Chama Kikuu kiwe na kamati ya kudumu ya kusoma taarifa za mazingira za miradi yote, ya nchi kavu na ya baharini, na kuzieleza kwa Kiswahili katika mikutano ya vyama vya msingi. Watu wa Lamu walishinda katika shauri la makaa kwa sababu walisoma.

La tatu, mradi wowote wa upepo au jua utakaokuja katika mashamba ya wanachama uulizwe swali moja kabla ya mengine: je, Chama kitauziwa hisa? Hata kama ni hisa chache, mwenye hisa huketi mezani, na asiye nayo hungoja mlangoni.

La nne, tuanze kwa kidogo kilicho mikononi mwetu. Pampu ya maji ya jua, chumba baridi cha kuhifadhia maziwa na mboga kinachoendeshwa kwa jua, taa za ghala: mambo haya hayangoji kampuni ya kigeni. Chumba baridi kimoja Mokowe chaweza kuokoa nyanya ambazo leo huoza zikingoja mashua.

Wachimbaji watarudi, kwa maana bahari ni kubwa na tamaa ya mafuta haijaisha. Na wenye mitambo ya upepo nao wataendelea kupima upepo wa pwani yetu. Wote watakuja na ramani na ahadi. Siku hiyo isitukute tukiuliza mafuta ni nini na hisa ni nini. Itukute tumeketi katika mkutano mkuu, daftari limefunguliwa, hati zimewekwa mezani, na katibu yuko tayari kuandika kumbukumbu. Mungu akijaalia tukutane tena katika kitabu cha mwaka wa ishirini, msomaji aweze kuona humo, miongoni mwa hesabu za korosho na ufuta, mstari mmoja mpya wa mapato: umeme.